Jointi ya Boti ya Lamadi

Vijana wa karakana mmeniomba niwaandikie "uzoefu" wangu. Haya. Vyeo sitaviandika, maana vilikuwa vichache na vyote vilichelewa. Mshahara mnaujua, ni huo huo mnaolalamikia ninyi. Nitaandika juu ya pampu, sola na wivu, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kazi wivu niliubeba kila siku, hata siku ambazo nilisahau bisibisi nyumbani. Wastaafu wenzangu watawaambia walisumbuliwa na mgongo. Mimi nilisumbuliwa na Nkwimba.

Siku yangu ya kwanza kazini ilikuwa Mwamapalala, kwenye kisima kirefu cha kijiji. Zamani hizo kila kisima kilikuwa na injini ya dizeli, na kila injini ilikuwa na ugonjwa wake. Fundi mkuu alikuwa Mzee Gamaya, mtu mfupi, mkali, ambaye viatu vyake vilikuwa na mafuta mengi kuliko injini zenyewe. Nilimwamkia, "Mwangaluka, bhabha." Hakuitikia. Alinipa bisibisi ndefu, akaniambia niweke ncha yake kwenye pampu na mpini wake sikioni.

"Unasikia nini?"

"Inalia, mzee."

"Kulia kupi? Kwa njaa au kwa ugonjwa?"

Sikujua. Alinirudisha palepale siku nne mfululizo, ng'ombe wa watu wakinipita kwenda kunywa na wachungaji wakinicheka, mpaka nikaweza kutofautisha beringi iliyokauka na beringi iliyokwisha. Hakunipongeza. Alisema tu, "Haya, shika spana." Katika miaka kumi ya kwanza chini yake, neno tamu kuliko yote lililotoka mdomoni mwake kuja kwangu lilikuwa hilo "haya." Nililitunza.

Alikuwa na sheria moja asiyokubali ivunjwe: aliyefunga jointi hakagui. Mwenzake ndiye anayekagua, tena kwa mkono, si kwa macho. Anashika, anavuta, anazungusha, halafu anasema "iko safi" kwa sauti. Akishasema, jointi ni ya kwake. Ikivuja, aulizwe yeye. Mpaka leo ninyi mnafanya hivyo na wengine hamjui ilitoka wapi. Ilitoka kwa Gamaya.

Kisha sola zikaja, na pamoja nazo akaja Nkwimba.

Alikuwa binti wa kijiji cha Nkoma, mtoto wa wakulima wa pamba, mwembamba, mpole wa sauti, ametoka chuo na daftari lake la mistari. Nilimpokea vizuri. Nilimwonyesha choo kiko wapi na chai inapatikana saa ngapi. Siku ya tatu tukaenda kufunga pampu ya sola. Pampu ikagoma, nami nikahangaika na waya kwa saa nzima. Nkwimba akaniomba testa, akapima sehemu mbili, akasema, "Kaka Maduhu, nadhani nyaya hizi mbili zimepishana." Zilikuwa zimepishana. Mimi ndiye niliyezipisha. Mzee Gamaya alikuwa amekaa juu ya ndoo, akamtazama yule binti, akasema mbele ya watu wote:

"Huyu ana mikono."

Siku ya tatu! Mimi miaka kumi nimekula "haya," yeye siku tatu anapewa mikono. Roho iliniuma mpaka nikashindwa kula ugali wa mchana, na mimi si mtu wa kuacha ugali.

Tangu siku hiyo nikawa mhasibu wa sifa za Nkwimba. Mwenyekiti wa kijiji akimsalimia kwanza, nakumbuka. Akina mama wakimletea maziwa ya mgando yeye, mimi nikapewa maji, nakumbuka. Kibaya zaidi hakuwa na maringo hata kidogo. Angekuwa na maringo ningepumzika. Mke wangu alipojifungua, Nkwimba alikuja nyumbani na kuku wawili, akafua nguo za mtoto, akaniita kaka mbele ya mama yangu. Mama akasema, "Huyu mayu ana heshima." Nikatoka nje kwenda kuangalia mbuzi ambao hawakuwa na tatizo lolote.

Miaka ikaenda hivyo. Mzee Gamaya akastaafu, akarudi kwake Mwamapalala na miguu inayovimba. Sisi tukabaki, visima vya Itilima tukivimaliza kimoja kimoja, dizeli zikitoka na sola zikiingia. Niseme ukweli, sijawahi kufanya kazi na fundi bora kuliko Nkwimba, na ukweli huo nilikuwa naumeza kila asubuhi kama kwinini.

Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu ndipo ikaja boti.

Daktari mmoja wa mifugo, mstaafu, yeye na mkewe ambaye alikuwa mwalimu, walihamia Lamadi, kando ya ziwa. Walikuwa wamenunua boti ya tanga kutoka kwa mgeni aliyeitumia baharini, boti nyeupe yenye chumba ndani, vitanda, jiko, hata meza ya kukunja. Ilipanda huku juu ya lori, na watu wa barabara kuu waliacha kununua nyanya wakaisindikiza. Wazee hao walitaka kulizunguka ziwa miezi mitatu, kisiwa hadi kisiwa, bila kutegemea mtu. Kwa hiyo walihitaji sola ya taa na friji, na walitaka mashine ya maji iliyokuja na boti ifufuliwe. Mashine hiyo ilitengenezwa kuchuja chumvi ya bahari. Ziwani chumvi hakuna, lakini kuna kichocho na homa ya matumbo, na mwalimu alisema hanywi kitu asichokiamini.

Walikuja ofisini kuomba mafundi. Walimtaja Nkwimba kwa jina. Bosi akaniambia, "Maduhu, utaenda naye. Yeye ataongoza." Nikasema sawa bosi, nikaenda kupiga teke tairi la gari.

Kazi ya kwanza ilikuwa paneli, na hapo niliaibika. Mnajua huku kwetu paneli tunazilaza kidogo kuelekea kaskazini. Nimefanya hivyo kwenye zahanati, shule na visima, mkono wangu unajua wenyewe. Boti ilikuwa juu ya magogo mwaloni, pale wavuvi wanapoegesha mitumbwi. Nikatoa dira yangu, nikapima, nikatengeneza fremu nzuri sana ya chuma, nikazifunga paneli nne zote zimeinamia kaskazini barabara. Nilifunga nati ya mwisho nikashuka, nimejaa jasho na fahari. Nkwimba akaizunguka boti mara mbili. Aliona vibaya kusema, nilimwona.

"Kaka Maduhu," akasema taratibu, "boti ikiwa majini, upepo ukiigeuza... kaskazini itabaki upande gani?"

Mwalimu, mke wa daktari, alikuwa amekaa kwenye kiti akimenya viazi. Alicheka mpaka kisu kikamdondoka. Daktari akacheka. Wachuuzi wa dagaa wakauliza wanacheka nini, wakaelezwa, na wao wakacheka. Hata leo nikipita Lamadi kuna mama mmoja ananiita "Kaskazini."

Tukazilaza sawasawa, zitazame juu. Halafu Nkwimba akaeleza jambo la mlingoti. Visimani tunaunganisha paneli kwa mfululizo, moja inaipokeza nyingine. Lakini boti ina mlingoti, na mlingoti una kivuli kinachotembea, na katika mfululizo paneli moja ikipigwa kivuli inazivuta chini nyingine zote. Akaziunganisha sambamba, kila moja ijitegemee. Andikeni hilo, vijana, ni la maana. Mimi niliandika nikiwa nimeuma meno.

Zamu yangu ya kujua ilifika kwenye mashine ya maji. Nkwimba alisoma kijitabu chake, akasema presha tusiipandishe mpaka alama ya baharini, maji haya ni mepesi, utando wa ndani utaharibika. Sawa. Lakini mimi ndiye niliyeona kwamba ule ute wa kijani wa mwaloni ungeziba chujio kwa nusu siku. Nikatengeneza chujio mbili za kutangulia, za kufungua na kuosha kwa mkono, moja ikioshwa nyingine ifanye kazi. Ilikuwa kazi nzuri. Mwalimu alipoziona akapiga makofi. "Nkwimba, mwanangu, una akili wewe!" Nkwimba akasema, "Hapana mama, hizo ni za kaka." Mwalimu akajibu, "Na unyenyekevu juu yake!"

Nilikaa nyuma ya boti nikavuta pumzi kama fahali.

Siku ya mwisho ya ufungaji, boti ikiwa imeshashushwa majini, ilibaki jointi moja. Chini ya kitanda cha mbele kuna tundu lililotobolewa kwenye ubavu wa boti, chini ya usawa wa maji, lenye valvu yake. Maji ya ziwa yanaingilia hapo, yanapita kwenye mpira hadi kwenye mashine iliyoko nyuma. Mpira ule unabanwa na klempu za chuma. Klempu ilikatika meno Nkwimba akiikaza, na nyingine hatukuwa nayo. Akafanya ambacho sisi wote wa Simiyu tunafanya: akachukua utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha kwa kuuvuta, akafunga. Gamaya alitufundisha hivyo. Juu ya tenki la kijiji utepe huo unakaa miaka. Ukivuja, unalowesha udongo, mbuzi wanakunywa.

"Nashikiza kwa muda tu," alisema. "Kesho asubuhi nanunua klempu kabla hatujatoka. Usiache nisahau, kaka."

Asubuhi daktari alikuwa na haraka, upepo ulikuwa mzuri, mwalimu ameshapika maandazi, kila mtu anamwita Nkwimba aangalie hiki na kile. Akasahau. Akaniita kutoka nyuma ya boti: "Kaka, nikagulie mbele huko!"

Nikaingia. Nikainua ubao wa kitanda. Utepe mweusi ulikuwa pale unanitazama. Sikuushika. Sikuhitaji kuushika. Nilijua mashine ikitetemeka na boti ikilalia upande utateleza, na pale chini hakuna udongo wala mbuzi, kuna ziwa. Nilijua pia pampu ya kutoa maji ndani ya boti ilikuwa bado haijaungwa, ilikuwa kazi ya wiki inayofuata.

Nawaambia nilichofikiri, neno kwa neno. Nilifikiri: uvuje. Daktari alowe miguu. Wamwone leo mwenye mikono.

Nikarudisha ubao, nikasema kwa sauti, "Iko safi!"

Kisha nikasema tumbo linanisumbua, nikabaki mwaloni. Wakaondoka watatu, daktari, mkewe na Nkwimba. Nilikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa nikaitazama boti inavyokwenda, na nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe. Kando yangu mama mmoja alikuwa anaanua dagaa. Akasema, "Yule binti wenu jasiri. Jana nimemuuliza kama anajua kuogelea, akasema kwao Nkoma maji yote yako kwenye ndoo."

Nikasimama. Nikatoa simu nikampigia. Simu ikaita ndani ya mkoba wake, ambao ulikuwa kwenye mchanga, karibu na mguu wangu. Daktari na mkewe sikuwa na namba zao.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu. Nilimkuta mvuvi mmoja anawasha injini ya boti yake, nikarukia ndani na viatu. "Nipeleke kwenye ile ya tanga!"

"Umesahau nini, mzee?"

"Twende tu!"

Mimi pia sijui kuogelea. Nilishika mbao mbili kwa mikono yote miwili, mawimbi yakinipiga usoni, nikawa namwomba Mungu asinihesabie dhambi hiyo. Tulipowakaribia walinipungia mikono, wakidhani nimepona tumbo nimekuja kufaidi. Boti yao ilikuwa imeinama mbele, wenyewe wakiona ni upepo. Nkwimba alikuwa nyuma amepiga magoti anaosha chujio zangu, maana presha ilikuwa imeshuka na alidhani zimeziba. Nikapanda, nikampita bila salamu, nikaingia chumbani. Maji yalikuwa juu ya kifundo cha mguu, chupa ya mafuta ya kupikia inaelea, na ukingo wa sanduku la betri umeanza kulowa. Nikapapasa chini ya kitanda, nikaipata valvu, nikaifunga.

Nkwimba alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Uso wake ulikuwa umekauka.

"Kaka, ulijuaje?"

Hapo ndipo ningesema. Nilikuwa na nafasi hiyo, na watu wote wako hai. Nikasema, "Nilikuwa nakumbuka mlio wa pampu asubuhi. Ulikuwa na kasoro. Nikaona nisikae nao moyoni."

Daktari alinikumbatia akilia. Mwalimu alinishika mikono yote miwili akanishukuru, wabeja, wabeja, mara nyingi. Tulichota maji kwa ndoo na sufuria mpaka mwaloni, nami nikapewa kiti.

Ofisini bosi akatuita. Akauliza nani alifunga. Nkwimba akasema, "Mimi." Akauliza nani alikagua. Nikasema, "Mimi. Niliona ule mpira, nikamwambia aweke klempu kabla ya kutoka." Uongo huo ulinitoka mwepesi kabisa, kama salamu.

Nkwimba akanigeukia. Nilimwona anatafuta kichwani mwake, anatafuta, hakipati kitu hicho. Halafu akainamisha kichwa.

"Kama kaka anasema aliniambia, basi aliniambia."

Hakupewa adhabu kubwa. Alijipa mwenyewe. Baada ya wiki mbili aliomba kuhamishiwa stoo. Alisema mikono yake haiamini tena. Bosi akamkatalia mara mbili, mara ya tatu akakubali. Kwa hiyo ninyi mliokuja karibuni mnamfahamu kama mama wa stoo, anayewagawia soketi na kuwaandikisha. Mnasaini kitabu chake hamjui mnayesaini mbele yake ni nani.

Mimi nilikwenda Mwamapalala kumwona Mzee Gamaya. Nilijiambia naenda kumjulia hali. Sikwenda kumjulia hali. Alikuwa amelala kitandani, miguu juu ya mto. Nikamsimulia habari ya boti, kwa namna yangu. Kisha akasema:

"Maduhu, una sikio. Yule mtoto nilimsifu mapema mno."

Nilikuwa nimelisubiri neno hilo tangu nikiwa kijana, na nilipolipata nilifurahi. Sitawadanganya. Nilirudi nyumbani Bariadi nikiimba kwenye pikipiki. Mavuno ya pamba yaliyofuata hayakumkuta hai.

Sherehe yangu ya kustaafu mlikuwepo. Nkwimba alisimama akasema kaka Maduhu aliokoa maisha yake, mkapiga makofi, mkanivisha mgolole. Nilikunywa soda tatu bila kuhisi ladha. Kesho yake nikaanza kuandika karatasi hizi. Zikachukua miezi, kwa sababu nilikuwa naandika hadi Lamadi, nachana, naanza tena Mwamapalala.

Jumanne iliyopita nilizimaliza nikazipeleka stoo kabla hazijafika kwenu. Nkwimba alinivutia kiti. Nikasema sikai, soma kwanza. Alisoma amesimama, ameegemea rafu ya mabomba, miwani chini ya pua. Kwenye habari ya kaskazini alitabasamu. Kisha nikaona ukurasa umesimama mkononi mwake, haugeuki.

Kijana mmoja wenu aliingia kuomba utepe wa teflon. Akampa, akamsainisha, akasubiri atoke.

"Kwa hiyo hukuniambia," akasema.

"Sikukuambia."

"Nimekuwa nikijiuliza nina kichwa gani, mtu ananiambia jambo kama hilo na mimi sikumbuki. Nilikwenda hospitali, kaka. Nilipimwa kichwa."

Nikasema nitakwenda kwa bosi, nitasema mbele ya wote, nitaandika popote atakapotaka. Akasikiliza mpaka nikamaliza.

"Mzee Gamaya alijua hii?"

"Hapana. Nilimwambia ile nyingine."

"Akasema nini juu yangu?"

Nikamwonyesha mahali nilipoandika. Alikuwa bado hajafika hapo. Akasoma, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitenge, akaivaa, akasoma tena mstari ule ule. Nilisubiri anitukane. Nilitamani sana anitukane.

"Bosi utamweleza, vijana wataelewa, na mimi mwezi ujao nitarudi saiti, mikono ninayo," akasema. "Na Mzee nani atamweleza?"

Akanirudishia karatasi, akaenda kuhudumia watu waliokuwa wamepanga foleni mlangoni.